Nani Atambebea Mtoto Akienda Kunywa Dawa?

Haya ni maneno niliyoyasema mjini Mtwara, wiki ya pili ya Oktoba, mbele ya vikundi vya akina mama, viongozi wa dini na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wengi mlikosa kuja, na sababu naijua: korosho ikianguka inaokotwa, haisubiri mkutano. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nikaacha tu pale nilipokohoa na pale umeme ulipokatika.

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee mliokaa huku mbele, shikamooni.

Mimi ni nesi mstaafu. Nimefanya kazi miaka 32, mingi yake katika mikoa yetu hii miwili, Lindi na Mtwara. Miaka ya mwisho nilikaa kwenye kile chumba cha mwisho kabisa cha hospitali, kile ambacho mgonjwa akielekezwa anauliza mara mbili, "Kule kwa vichaa?" Na nyumbani mimi ni kungwi. Nimefunda wali wengi, na wengine nawaona humu ndani wananikwepa macho. Nalisema hili mapema ili anayedhani nimewaletea habari za ugenini ajue natoka wapi.

Naomba nianze na swali. Ukipita jioni ukamkuta mwanaume kalala mtaroni kwa pombe, unasemaje? "Masikini, mzee wa watu kazidiwa." Atatokea kijana amwinue, amfute mchanga, ampakie bodaboda afikishwe kwake. Haya. Ukimkuta mwanamke kalala mtaro ule ule, saa ile ile, kwa pombe ile ile, unasemaje?

Mbona mmenyamaza? Mnajua mnachosema. Mimi siwezi kukitamka mbele ya shehe na padri.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015 kuhusu dawa za kulevya ilisema hivi: katika kila watu watatu duniani wanaotumia dawa hizo, mmoja ni mwanamke. Lakini katika kila watu watano walioko kwenye matibabu, mwanamke ni mmoja. Pigeni hesabu wenyewe. Wanaobaki wako wapi? Wamepona? Wamejificha, mama zangu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini huyu hakuanza kuficha kwa kupenda. Tulimfundisha sisi, siku ile tulipopita kando ya mtaro.

Jambo langu leo ni moja. Matibabu ya uraibu na ya maradhi ya akili yalishonwa kwa kipimo cha mwanaume: mwili wake, siku yake, mfuko wake. Halafu mwanamke akipewa, ikambana au ikampwaya, tunasema hataki kupona. Nguo ya kuazima mnajua isichositiri. (Hapo mlicheka. Vizuri.)

Nianze na pombe, maana unga, yaani heroini, unatutisha zaidi lakini pombe ndiyo tunayolala nayo.

Mwezi huu mabibo yanaanguka. Harufu yake mnaijua, ukishuka kwenye basi unapokelewa nayo. Korosho zinakwenda ghalani, zinakwenda mnadani, na hela yake mara nyingi inaingia mkononi mwa baba. Mabibo nani anayaokota? Mama. Anayakamua, yanachacha, tunapata uraka. Uraka ukipikwa, mvuke ukapitishwa kwenye bomba lililopozwa kwa maji, inachuruzika nipa. Siwafundishi mimi, nusu ya ukumbi huu mnaweza kunifundisha. Ninalotaka mlitazame ni hili: anayekaa kando ya ule moto lazima aonje. Akionja asubuhi, akaonja mchana, akaonja kila pipa, msimu baada ya msimu, hajaitwa mlevi na mtu yeyote. Anaitwa fundi.

Nilikuwa na mgonjwa wa namna hiyo. Mama wa miaka arobaini hivi, kutoka vijiji vya juu, upande wa Tandahimba. Mume aliondoka akamwachia watoto wanne. Kwa nipa alisomesha wawili mpaka kidato cha nne, na msiombe kujua wangapi kati yetu tumefikisha hapo kwa mshahara. Miaka ilipokwenda, akawa akiamka mikono inatetemeka, kanga haifungiki, mpaka azimue. Glasi moja, mikono inatulia, siku inaanza.

Ramadhani ikakaribia. Akaapa. Akamwaga alichokuwa nacho, akaomba radhi majirani, akanuia. Siku ya kwanza alifunga kama Mwislamu yeyote, ila jasho likamtoka mpaka nguo ikalowa, na usiku hakupata usingizi. Siku ya pili alianguka akakakamaa, povu mdomoni. Siku ya tatu akawa anafukuza wadudu ukutani ambao hakuna mwingine aliyewaona, na anazungumza na mama yake aliyekwishakufa. Watu wakasemaje?

(Ukumbi mzima ulijibu: "Majini!")

Majini. Na mzee mmoja akaongeza kwamba ni majini yaliyozoea nipa, yamekasirika kunyimwa. Nilipoambiwa nilicheka, halafu nikajirudi, maana yule mzee alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua. Kilichonyimwa kilikuwa ubongo wake. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, pombe inausukuma ubongo ulale, nao ubongo unajifunza kusukuma upande wa pili ili ubaki macho. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni. Mmoja akiondoka ghafla, huyu mwingine anafanyaje? Anaanguka na mlango.

Sikilizeni hapa, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii muandike. Degedege ya kuacha pombe huja zaidi ndani ya siku mbili za mwanzo. Kule kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, jasho na moyo kwenda mbio, huja kwenye siku ya pili mpaka ya nne. Na kunaua. Heroini kwa mtu mzima mwenye nguvu zake, ile arosto yake, yale mateso ya mwili ukiikosa, inatesa kama jehanamu lakini mara chache inaua. Pombe, hii tunayouziana kwa kikombe, kuiacha ghafla kunaweza kuua. Tiba yake haina maajabu: diazepamu, dawa ya kutuliza, inayopunguzwa taratibu, vitamini B1, maji ya kutosha, na mtu wa kukaa naye usiku. Kwa hiyo mwenzako akikuambia "naacha leo", nawe unajua asubuhi huwa anatetemeka, usimpigie vigelegele kwanza. Mpeleke hospitali aache huku anaangaliwa.

Yule mama aliletwa kwetu siku ya nne, midomo imekauka kama ganda la korosho. Alisomewa, akafukizwa, mimi sina ugomvi na dua. Dua ni haki yake na mimi nilimwombea. Nina ugomvi na zile siku mbili zilizopotea njiani. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuja mapema, hakutaja majini. Alisema aliogopa tungemuuliza anapikia wapi, halafu tupige simu polisi. Nipa ni pombe haramu kwa sheria, ndiyo. Lakini daftari la mgonjwa halikuwekwa kwa ajili ya kukamatia watu, na mgonjwa anayeamini hivyo hafiki hospitali.

Na mwili wa mwanamke uko tofauti, hili hatukuwa tunaambiwa hata sisi manesi. Ndani yake maji ni pungufu kuliko ya mwanaume wa uzito ule ule, na tumbo lake linavunja pombe kidogo kuliko la mwanaume kabla haijaingia kwenye damu. Glasi moja kwa mume na moja kwa mke, kwake inapanda zaidi. Ini lake linawahi kuharibika. Muda kati ya kuanza na kushikwa ni mfupi. Sasa daktari akimhoji kwa maswali ya mwanaume, "Unakunywa chupa ngapi baa?", atajibu ukweli mtupu: hata moja. Baa haendi. Anaonja tu jikoni.

Akapona. Akanenepa. Siku ya kuruhusiwa, daktari akamwambia kwa upole kabisa, mama, usirudi kwenye pombe. Arudi wapi? Nyumba yake ndiyo kiwanda. Ni kama kumwambia fundi gereji aende kazini asiguse oili. Hilo nitalirudia mwishoni, au niseme lilinirudia.

Sasa unga.

Tusijidanganye kwamba unga ni wa Kinondoni na Temeke. Heroini inayotokana na afyuni ya Afghanistan kwa miaka mingi imekuwa ikipakiwa majahazini kwenye pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, ikakata Bahari ya Hindi mpaka pwani ya kwetu, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Sisi tuko katikati. Januari 2012 zaidi ya kilo 200 zilikamatwa katika Mkoa wa Lindi. Mkoa wa Lindi, jamani, kwa wauza chumvi na wavua pweza. Gunia likipita uani kwako kila mara, siku moja litatoboka.

Binti ninayetaka kuwaambia habari zake ni wa hapa hapa Mikindani. Alikwenda Dar es Salaam na miaka 16 kufanya kazi za ndani. Kazi ikamshinda kwa sababu ambazo akina mama mnazikisia, baba wa ile nyumba alikuwa na mikono mirefu. Akaondoka usiku. Akakutana na kijana aliyempa chakula na mahali pa kulala, na baadaye akampa kokteli, bangi iliyochanganywa na unga. "Vuta, utasahau." Na kweli alisahau. Kwa nini nidanganye? Unga ungekuwa mchungu siku ya kwanza, nani angerudi siku ya pili?

Wanaume wengi huonjeshwa na rafiki zao. Mwanamke mara nyingi huonjeshwa na mwanaume anayempenda, na kuacha unga kwake ni kuacha pia mume, nyumba na ulinzi wa maskani. Binti na kijana wake walipofikia kujidunga, sindano ilikuwa moja. Nani anatangulia? Mwanaume. Nani anapokea ya pili, yenye damu ya mwenzake? Tafiti zilizofanywa Dar es Salaam kwa wanaojidunga zilikuta wanawake wameambukizwa VVU kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume. Watu wakisoma hivyo wanakimbilia kusema umalaya. Ukweli ni kwamba wengi wao walijiuza ili kununua kete mbili, yake na ya huyo aliyetangulia kujidunga.

Mwaka 2014 kaka yake alimpata, akiwa na mtoto wa miezi minane mgongoni. Wakati ule habari za methadoni zilikuwa zimeenea. Muhimbili walianza Februari 2011, wa kwanza Tanzania Bara, halafu Mwananyamala, halafu Temeke. Kwa wasioijua: methadoni ni dawa ya maji. Unakunywa mbele ya muuguzi, mara moja kwa siku, na inakutuliza siku nzima, arosto haiji, unaweza kulala, unaweza kula, unaweza kufikiria kesho. Wapo wanaosema ni kubadilisha ulevi mmoja kwa mwingine. Mgonjwa wa kisukari anachoma insulini kila siku, mnamwambia amekuwa mlevi wa insulini?

Akapelekwa kwa shangazi Mbagala, akaandikishwa kwenye kliniki moja ya jijini. Sikuwepo, haya alinisimulia mwenyewe. Miezi miwili alikwenda kila siku. Kila siku, Jumapili imo, Idi imo. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi. Anasimama foleni na wanaume, wanaume watupu, mbele wanaume na nyuma wanaume, na miongoni mwao yuko aliyewahi kumpiga na yuko aliyewahi kumuuza. Mtoto analia. Shangazi naye ana genge lake la mboga, asubuhi ndiyo biashara, hawezi kukaa na mtoto. Mtoto akapata homa, binti akakosa siku tatu, nne, tano. Na ukikosa siku kadhaa mfululizo dozi inashushwa ukaanza upya, kwa usalama wako, mwili umeshasahau. Aliporudi akapewa dozi ndogo, arosto ikamkamata kwenye daladala huku ana mtoto mapajani. Kesho yake hakwenda.

Daftari likaandikwa: ameacha matibabu.

Nawauliza, aliacha matibabu? Alikosa wa kumbebea mtoto! Dawa ilikuwepo, daktari alikuwepo, serikali ilikwishanunua, na ilikuwa bure. Ikakwamia kwenye mtoto wa miezi minane mwenye homa. Kama pale kliniki pangekuwa na mkeka, uji na mama mmoja wa kushika watoto, na saa moja tu iliyotengwa kwa wanawake peke yao, huyu binti angekuwa hadithi nyingine.

Hizi nyumba za upataji nafuu, mnazoziita soba, ndiyo kabisa. Za wanaume zipo. Za wanawake ni za kuhesabu kwa vidole, na ukizipata uliza kama zinapokea mwenye mtoto.

Nije kwenye langu mwenyewe. Nililiahirisha makusudi.

Miaka mingi nyuma nilikuwa kliniki ya wajawazito, kituo sikitaji. Akaja msichana mwembamba, mimba ya miezi mitano, mikono ana makovu kwenye mishipa. Nikajua. Nikamwambia, tena kwa sauti iliyofika mpaka benchi la nyuma: "Acha leo hii! Unaua kiumbe cha Mungu!" Wenzake wote wakageuka kumtazama. Nikaona nimetenda jema. Sikumwona tena.

Leo najua nilimpa ushauri mbaya. Mjamzito anayetumia heroini akiacha ghafla, ile arosto yenyewe inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati au kuharibu mimba. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2014, linasema aingizwe kwenye dawa kama methadoni na abaki nayo mpaka ajifungue, na anaweza kunyonyesha. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto yake, analia sana, anatetemeka, nayo inatibika. Na jambo jingine ambalo hatuambiani: heroini huvuruga hedhi, hata ikakatika kwa miezi mingi, basi wengi wanajiona wagumba. Wakianza methadoni mwili unaamka, na wanashika mimba bila kutarajia. Kwa hiyo dawa ya uraibu na uzazi wa mpango vikae chumba kimoja, asielekezwe jengo lile, kisha jengo lile.

Yule msichana alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, kwenye huduma. Mlango aliukuta wazi. Mimi ndiye niliyeufunga, kwa ulimi. Wahenga wanasema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Mwosha akianza kuitangaza sokoni, nani atakubali kuoshwa?

Sasa hili la akili. Nitakuwa mfupi kidogo, maana naona akina mama wa jikoni wananionyesha sahani.

Sisi tunasema "ana mawazo". Mwanamke halali, hali, analia bila sababu, kiungo hiki kinauma leo na kesho kile, anapewa panadoli, anapimwa malaria, malaria haipo, anarudishwa. Ana mawazo. Kitaalamu inaitwa sonona. Na ukichimba chini ya pombe ya wengi, na chini ya unga wa wengi, unaikuta imekaa: kupigwa, kubakwa, kufiwa na mume na kufukuzwa kwenye nyumba, kuzaa mtoto na kutompenda na kuogopa kusema. Ukimtoa pombe ukamwachia mawazo, umemwondolea dawa ukamwachia ugonjwa.

Hospitali kubwa ya akili ya nchi hii, Mirembe, iko Dodoma. Neno lenyewe tulilikuta ni tusi: "Huyu wa kupelekwa Mirembe." Ukitoka hapa Mtwara unakwenda kwanza Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550, ndipo ushike njia ya Dodoma. Nauli ya nani? Na unarudi na jina gani?

Zimbabwe walikabiliwa na hili. Daktari wa akili anayeitwa Dixon Chibanda alikuwa na binti anayemtibu, anaishi mbali na Harare. Binti akajiua. Mama yake akamwambia daktari: tulitaka kumleta, tulikosa nauli ya basi. Chibanda akaona kwamba kukaa hospitali kusubiri watu hakutoshi. Mwaka 2006, kwenye mtaa wa Mbare, akaanza na mabibi 14. Mabibi, kama hawa walioko huku mbele. Wakawekewa benchi la mbao nje ya zahanati, chini ya mti. Mtu anakuja, bibi anamuuliza maswali 14 kutoka kwenye karatasi, anamsikiliza, wanachagua tatizo moja la kuanza nalo. Moja. Mwanzoni waliliita benchi la afya ya akili. Mabibi wenyewe wakamwambia daktari, hapo hatakaa mtu! Likaitwa Benchi la Urafiki, watu wakakaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kubwa baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na mnajua Washona wanauitaje ugonjwa wenyewe? Kufungisisa. Maana yake kuwaza kupita kiasi. Ana mawazo!

Sasa niambieni, Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua mliomo humu: sisi benchi hilo hatuna? Nani anayejua mwali kapigwa, nani anayejua hedhi yake imekatika, nani anayeitwa usiku ndoa ikiungua? Kungwi. Nesi nilimwona mgonjwa dakika tano. Kungwi ana mwali wake mpaka kaburini. Lakini tuseme ukweli na sisi tujisahihishe: unyagoni tunafundisha kustahimili. Vumilia, ficha, usitoe ya ndani. Nimefundisha hivyo kwa mdomo huu. Mwali niliyemfunda mimi alikuja wodini kwangu baada ya miaka kumi, kanywa sumu ya panya, akanusurika. Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia? Akanijibu kwa adabu zote, "Somo, wewe ndiye uliyenambia nisiseme."

Tangu siku ile somo langu nimelibadilisha. Bado nafundisha siri ya nyumba. Naongeza kwamba kuna mtu mmoja wa kuambiwa, na ni mimi, hata saa nane za usiku.

Ninayoyaomba si mengi. Hospitali zetu na vituo vya afya vitenge nusu siku moja kwa wiki ya wanawake tu, na mtu wa kushika watoto. Pale dirishani majina ya kliniki hii yasiitwe kwa sauti. Kliniki ya wajawazito iulize habari za pombe na mawazo kama inavyouliza hedhi ya mwisho, mlango umefungwa. Anayetaka kuuliza habari za tiba ya dawa za kulevya, Mamlaka ya kupambana nazo ina namba ya bure, 119. Viongozi wa dini, siku mkiombwa kumsomea mtu anayetetemeka, someni, na huku bajaji inasubiri nje. Wajomba mlioitwa kwenye vikao vya ukoo, na hapa kwetu mjomba ndiye mwenye neno, kabla ya kuamua kumnyang'anya mwanamke watoto, amueni nani atakaa nao mwezi mmoja akatibiwe, na mtamrudishia lini. Mwanamke akihisi akienda hospitali atarudi akute nyumba haina mtoto, hatakwenda. Mimi pia nisingekwenda.

Na sisi makungwi kumi wa hapa mjini tumekubaliana: kila Jumatano baada ya alasiri tutatandika mkeka kwangu, chini ya mwembe. Hatutaweka bango. Ukiulizwa unakwenda wapi, sema unakwenda kusuka ukili.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini mama mmoja alisimama nyuma kabisa, hakungoja kipaza sauti. Yule yule wa Tandahimba, na yeye ndiye aliyejitambulisha, mimi nisingethubutu. Akasema ana miaka mitatu hajaonja. Watu wakapiga vigelegele. Akanyoosha mkono watulie.

"Nesi," akasema, "umesema vizuri. Mwaka huu mabibo yangu yameanguka mengi. Nisipopika, ada ya mtoto wa mwisho nitatoa wapi?"

Nikamwambia kuhusu Naliendele, hapo kituo cha utafiti wa kilimo, ambako wamekuwa wakifundisha kutengeneza juisi na jamu ya mabibo. Akatikisa kichwa taratibu, kama anayemsikiliza mtoto.

"Nimekwenda. Nimejifunza. Juisi ya asubuhi jioni imechacha, na friji sina. Nipa haichachi."

Ukumbi ulikaa kimya. Nilishika kipaza sauti muda mrefu, halafu nikamrudishia mwenyekiti.